Kukisia Mwezi Ambao Haujaisha

Takwimu rasmi za mfumuko wa bei hutoka siagi ikiwa imeshanunuliwa na kuliwa. Benki kuu, ambayo kazi yake ni kutazama mbele, hulazimika kwanza kukisia yanayotokea mwezi huuhuu. Ikiteleza hapo, kosa husafiri na utabiri wote.

Ndiyo maana utafiti wa Macias, Stelmasiak na Szafranek wa Poland, uliochapishwa 2023, unavutia. Tangu 2009 bei za vyakula na vinywaji visivyo na kilevi zilikuwa zikinakiliwa na kompyuta kutoka tovuti za maduka makubwa ya nchi hiyo. Watafiti hawakuzirundika pamoja. Walikisia kundi kwa kundi, kisha wakajumlisha. Mabadiliko ya bei za mtandaoni, yakiwa mabichi tu, yalitosha kutoa makisio mazuri. Yalipoingizwa kwenye modeli nyepesi, makisio yakawa bora zaidi. Baada ya UVIKO-19 kuzuka, mbinu hiyo ilikwenda sambamba na wataalamu wanaokisia kwa uzoefu. Wataalamu, basi, wasifungashe virago bado.

Faida ya mbinu hiyo huonekana zaidi sheria inapobadilika ghafla. Februari 2022 Poland iliondoa kwa muda kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 kwenye vyakula vya msingi. Modeli inayosoma miezi iliyopita haina habari. Anayenakili bei kila siku huona asubuhi ileile kama duka limeiondoa kodi yote au limejibakizia kidogo, kwa uchovu wa kubadilisha vibandiko labda.

Sasa ipeleke programu hiyo ya kunakili bei sokoni Tandale, Dar es Salaam. Muuza nyanya habadilishi bei: fungu ni shilingi mia tano leo, na wiki ijayo ni mia tano, ila nyanya tano zimekuwa tatu. Huo ni mfumuko wa theluthi mbili, na hakuna tarakimu iliyoguswa. Bila mizani, huuoni. Bei za supamaketi zenye tovuti zitakueleza habari za wanaonunua supamaketi, ambao si wengi.

Ila data nyingine ipo. Wizara ya biashara ya Tanzania hutoa bei za jumla za mahindi, mchele na maharage, kwa gunia la kilo 100, mkoa kwa mkoa. Gunia linapimwa, na kwa kawaida bei yake hupanda kabla ya ile ya kibaba. Ningeanzia hapo, kabla ya kununua kompyuta kubwa.