Karatasi za Kamiti

Juma lililopita nalikuwa Mwiki, upande wa Ruiru, kumzuru mtoto wa ndugu yangu. Baada ya Magharibi tumekaa roshani tunakunywa chai ya tangawizi, akanyosha kidole kuelekea Kahawa. "Ami, jela ya Kamiti haiko mbali na hapa. Ndiko alikofungwa yule Ngugi." Usiku ule usingizi ulinichelewa.

Ngugi wa Thiong'o alizaliwa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1938, akafariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Alianza kwa Kiingereza. Mchezo wake The Black Hermit ulichezwa Kampala mwaka 1962. Riwaya yake Weep Not, Child ikatoka 1964. Alisifiwa, akasomesha Chuo Kikuu cha Nairobi, wala hakuna aliyemgusa.

Aliguswa alipobadili lugha. Mwaka 1977, yeye na Ngugi wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikikuyu, na waliocheza ni wakulima na vibarua wa Kamiriithu wenyewe. Majuma machache tu, serikali ikaupiga marufuku. Mwisho wa mwaka akatiwa kizuizini bila ya kushitakiwa. Humo Kamiti aliandika riwaya, Caitaani Mutharabaini, juu ya karatasi za chooni. Askari wakazichukua, kisha wakamrudishia. Alitoka Desemba 1978, lakini kazi ya chuo hakuipata tena.

Msomaji wa Pwani ataniuliza: na Abdilatif Abdalla, je? Naam. Huyu wa kwetu Mombasa alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa waraka wake "Kenya: Twendapi?", na Kamiti aliionja. Naye alitunga kwa siri juu ya karatasi zizo hizo, na Sauti ya Dhiki ikachapwa 1973, Ngugi hajafungwa bado. Baadaye wawili hao walikuwa pamoja London, wakiwatetea wafungwa wa siasa wa Kenya.

Mimi nilijifunza herufi chuoni, kwa ubao na wino, nami najua ilivyo kuandika kisha kuosha. Ila sisi tuliosha baada ya mwalimu kuridhika.

Kwa hiyo husita kidogo nisikiapo Ngugi akisifiwa kana kwamba ndiye wa kwanza kutunga kwa lugha ya mama. Muyaka bin Haji amekufa yapata 1840 na mashairi yake Mombasa nzima ilikuwa ikiyajua. Lakini tuseme kweli: Muyaka hakuwa na Kiingereza cha kuacha. Ngugi alikuwa nacho, kikimlisha na kumpa jina duniani, akakiweka kando pale pale jina lilipokuwa likipanda. Hapo nami nasalimu amri.

"Wewe umekisoma Shetani Msalabani?" nilimwuliza mwenyeji wangu. Ndicho kitabu kile cha jela kwa Kiswahili, kilichotoka 1982.

"Hata, Ami. Shuleni tulipewa vya Kiingereza."

Nimemwahidi nakala yangu. Jalada limeng'oka, lakini kurasa zimo zote.