Mchezo wa Mapendo

Wakristu wetu wakitaka kuonyesha uzito wa jambo husema: «Hili si mchezo.» Kwa hiyo wengine hukwazika wakisikia kwamba watakatifu walilinganisha mapendo ya Mungu na mchezo. Je, Mungu atuchezea?

Sivyo. Kumchezea mtu ni kumdharau. Kucheza naye ni kupenda kukaa naye. Kitabu cha Methali, sura ya 8, chatuonyesha Hekima akicheza mbele ya Mungu wakati wa kuumbwa kwa dunia (na kwetu, anayecheza ngoma naye acheza). Mtakatifu Thomas wa Aquino alifananisha kuitazama hekima na mchezo kwa sababu mbili: mchezo wapendeza, tena hautafuti faida nje yake. Mkulima hulima apate mavuno. Mtoto hucheza, basi.

Lakini mchezo huo una upande mchungu. Katika kitabu cha Mazungumzo cha Mtakatifu Catherine wa Siena, aliyefariki mwaka 1380, Mungu Baba aeleza kwamba huijia roho na kuondoka tena, kwa mchezo wa mapendo. Tuangalie vizuri: kinachoondoka ni utamu wa kumsikia, si neema yake. Mafratri wangapi wameacha sala kwa kutotofautisha mambo hayo mawili!

Mtakatifu Thérèse wa Mtoto Yezu alijitoa awe mpira mdogo wa Yezu, usio na bei, ambao Yezu aweza kuutupa chini, kuutoboa, kuuacha pembeni. Wengine waona maneno hayo ni ya kitoto, sisi hatukubali. Tarehe 20 Novemba 1887, akiwa na miaka 14, alimwomba Papa Leo XIII ruhusa ya kuingia Karmeli akitimiza miaka 15. Papa alimwambia afuate uamuzi wa wakubwa. Thérèse alitoka akilia. Baadaye aliandika kwamba Yezu alikuwa ametoboa mpira wake aone mna nini ndani, kisha akauangusha, akalala usingizi. Hakusema kwamba Yezu amemchukia. Mlango wa Karmeli ya Lisieux ulimfungukia tarehe 9 Aprili 1888.

Giza kubwa zaidi lilimjia siku za Pasaka 1896, likadumu hadi kufa kwake, tarehe 30 Septemba 1897: wazo la mbingu, lililokuwa furaha yake, likawa vita. Hakungoja utamu urudi ili apate kusali. Aliandika Nasadiki kwa damu yake, akaichukua kifuani siku zote.