Kirusi Kinapobadili Sura, Kinga Yetu Hubaki na Nini?

Liko swali ambalo bado husikika barazani na majumbani mwetu: ikiwa mtu alikwisha kuugua korona, au alikwisha kudungwa chanjo, vipi aambukizwe tena? Wako wanaojibu kwamba chanjo ilikuwa kazi bure. Wengine hushikilia kwamba aliyepona hana tena la kuogopa. Majibu yote mawili yana kasoro, na wanaoumia kwa kasoro hizo ni wazee na wagonjwa wetu.

Nakala na makosa yake

Kirusi cha korona hubeba maagizo yake ya kijeni kwa herufi zipatazo 30,000. Kikiingia ndani ya seli ya mwanadamu, maagizo hayo hunakiliwa mara nyingi mno, na kama ilivyokuwa kwa wanakili wa vitabu wa zamani, hapakosi herufi kukosewa. Makosa mengi hayana athari, na mengine hukidhuru kirusi chenyewe. Machache hukipa faida, hasa yakitokea kwenye protini ya mwiba. Mwiba huo ndio ufunguo wa kuingilia ndani ya seli, na ndio sura ambayo kingamwili zetu zimejifunza kuitambua. Sura ikibadilika, bawabu aliyekariri ile ya kwanza huweza kumpisha adui mlangoni.

Yaliyotokea Afrika Kusini

Tarehe 18 Desemba 2020, Afrika Kusini ilitangaza aina mpya ya kirusi iliyokuja kuitwa Beta. Watafiti wa Johannesburg walipoijaribu kwa damu ya watu waliopona wimbi la kwanza, takriban nusu ya sampuli hazikuonyesha uwezo wowote wa kuizima. Februari 2021, jaribio la chanjo ya AstraZeneca kwa watu wapatao 2,000 nchini humo, wengi wao vijana, lilionyesha kinga ndogo mno dhidi ya ugonjwa mwepesi na wa wastani uliosababishwa na Beta. Serikali ikasitisha mpango wa kuitumia, na mwezi huo huo ikaanza kuwadunga wahudumu wa afya chanjo ya Johnson & Johnson, ambayo ilikuwa imeonyesha kinga dhidi ya ugonjwa mkali nchini humo.

Novemba 2021 ikatangazwa Omikroni, yenye mabadiliko zaidi ya 30 katika mwiba pekee. Ilienea upesi hata miongoni mwa waliochanjwa na waliokwisha kuugua. Hata hivyo, watafiti wa Cape Town walibaini kwamba seli T za watu hao bado ziliitambua kwa sehemu kubwa. Seli hizi hazizuii kirusi mlangoni. Kazi yao ni kuziangamiza seli zilizokwisha kuvamiwa. Ndiyo sababu mtu aliyechanjwa aliweza kuambukizwa, lakini hatari ya kulazwa au kufariki ikawa ndogo kuliko kwa asiyekuwa na kinga yoyote. Kinga, basi, ina safu zaidi ya moja. Ya mbele ikivunjwa, ya nyuma bado hupigana.

Wagonjwa wa muda mrefu

Mtu mwenye kinga dhaifu huweza kukaa na kirusi mwilini kwa miezi, nacho kikaendelea kubadilika humo humo. Wanasayansi wengi hudhani kwamba baadhi ya aina mpya zilianzia kwa wagonjwa wa namna hiyo. Kwa hiyo anayeishi na virusi vya Ukimwi akitumia dawa zake bila kukatiza hujilinda yeye na huwalinda majirani. Anayemnyanyapaa hata akaficha ugonjwa wake huwadhuru wengi.

Pwani yetu na udhibiti

Kirusi hakibadiliki kisiponakiliwa, na hakinakiliwi ila ndani ya mwili. Kila ambukizo lililozuiwa hukipunguzia nafasi ya kubadilika. Lakini udhibiti unahitaji pia macho. Hapa Pwani, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi walisoma jeni za virusi kutoka kaunti zetu, wakafuatilia aina zilivyoingia na kuenea. Bila kazi hiyo, haijulikani ni aina ipi inayozunguka wala kama chanjo iliyopo inafaa.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023, si mwisho wa kirusi. Majumbani, yafaa tukumbuke machache. Babu na bibi, wajawazito, na wenye kisukari au maradhi ya moyo waulize kliniki kuhusu chanjo ya nyongeza, kwa kuwa kingamwili hupungua kadiri muda unavyopita. Mwenye kikohozi na homa asiende kumjulia hali mzee. Ikimlazimu, avae barakoa. Panapokusanyika watu wengi, arusini au matangani, madirisha yafunguliwe hewa ipite.