Kipakatalishi na Joto Lake

Jina kipakatalishi limeundwa kutokana na kitenzi pakata na nomino tarakilishi. Hata hivyo, anayekipakata juu ya nguo nzito, au kukilaza kitandani, huziba matundu ya hewa yaliyo chini yake. Joto la prosesa likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, chombo hujipunguzia kasi, hatimaye hujizima, na maandishi yasiyohifadhiwa hupotea. Feni ikivuma sana ilhali hewa itokayo ni haba, yamkini vumbi limeganda penye vibamba vya kupozea. Kwanza kizimwe, kichomolewe umeme, na betri itenganishwe. Kisha mapanga ya feni yazuiwe kwa kijiti yasizunguke, ndipo vumbi lipulizwe. Feni iliyokufa haina budi kubadilishwa. Baadaye kiwekwe mezani, jina lisitupotoshe.