Kivuli cha Alasiri: Kuchagua Kibanda cha Bustani Huko Gungu

Mwenye nyumba wa Gungu, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, anapoamua kujenga kibanda cha kupumzikia bustanini, aghalabu swali lake la kwanza huwa ni la vifaa: bati, nyasi au turubai? Swali hilo ni la haki, lakini lina lingine linalolitangulia: saa ile ambayo watu wa nyumbani watakaa kibandani, kivuli chake kitakuwa kimelala wapi? Si ajabu kuona kibanda kizuri, kilichogharimu fedha nyingi, kimebaki kitupu alasiri huku viti na mikeka imehamishiwa upande wa pili wa nyumba.

Jambo hili laanzia kwenye saa yenyewe. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Kigoma iko karibu na digrii 29.6. Kwa kuwa dunia hujizungusha digrii 15 kwa kila saa moja, jua la Kigoma huwa nyuma ya saa ya ukutani kwa muda wa saa nzima hivi. Adhuhuri ya kweli, yaani jua linapofika kilele chake, haiwi saa sita. Huchezea kati ya saa saba kasorobo na saa saba na robo, kwa kutegemea mwezi. Mtu aliyehamia kutoka Dar es Salaam, ambako jua hutangulia kwa dakika karibu 40, hushangaa kuona saa kumi ya Kigoma bado ina ukali. Hana sababu ya kushangaa: kwa hesabu ya jua, hiyo ni kama saa tisa tu.

Gungu iko karibu na digrii 5 kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mnamo juma la kwanza la Oktoba na tena karibu na tarehe 8 Machi. Siku hizo, wakati wa adhuhuri, paa lolote hutupa kivuli chini yake barabara. Lakini ni nani akaaye bustanini wakati huo? Watu hutoka baada ya kazi za mchana. Ifikapo saa kumi jua limekwisha teremka upande wa magharibi hadi digrii 45 hivi juu ya upeo wa macho, na kivuli cha paa lenye kimo cha mita 2.5 kimesogea mashariki kwa kadiri ya mita 2.5. Saa kumi na moja kimesogea mita 4 hadi 5. Ikiwa paa lina upana wa mita 3, kivuli chote kimekwisha toka nje ya kibanda, na aliyeketi ndani anapigwa na jua la uso.

Dawa, basi, ni kuziba upande wa magharibi. Hapo ndipo ugumu unapotokea, kwa maana Ziwa Tanganyika nalo liko magharibi. Siku tulivu, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi hupanda, na hewa ya baridi ya ziwani huja kushika nafasi yake. Upepo huo wa mchana ndio neema ya Kigoma, nao hutoka upande ule ule litokako jua la alasiri. Ukuta wa matofali utazuia vyote viwili. Kinachotakiwa ni kizuizi kinachokamata mionzi na kupitisha hewa: fito zilizosukwa kwa nafasi, zikatandazwa mmea utambaao kama mpesheni au dodoki, na sehemu ya chini ikaachwa wazi kwa kimo cha magoti. Pia laweza kuteremshwa paa lenyewe upande wa magharibi, mradi mtu aweze kupita bila kuinama.

Sasa vifaa. Bati hupendwa kwa sababu hudumu na halivuji. Kasoro yake haionekani kwa macho. Bati lililochakaa, likipigwa na jua kali penye upepo hafifu, laweza kufika nyuzi 60 za Sentigredi. Kitu chenye joto hilo hutoa mionzi isiyoonekana ya kadiri ya wati 700 kwa kila mita ya mraba, hali kitu chenye nyuzi 30 hutoa wati 480 tu. Hewa ya chini ya bati yaweza kuwa sawa na ya nje, lakini kichwa cha aliyekaa pale chaota moto usio na moshi. Mzee au mgonjwa huhisi haraka. Aliye na bati tayari asiling'oe. Atundike chini yake dari ya mkeka au matete, akiacha nafasi ya kupitisha hewa.

Nyasi zilizoezekwa nene hufungia hewa ndani yake, na hewa tulivu haipitishi joto kwa urahisi, hivyo upande wa chini hubaki karibu na joto la kawaida. Majani ya mchikichi hupatikana kwa wingi zaidi, lakini hukauka na kuacha mianya mapema. Yote mawili yataka kukaa mbali na jiko, na nguzo zake ziwekwe juu ya saruji, kwa kuwa mchwa hawachagui. Turubai ni la sherehe. Mionzi ya urujuanimno huila nyuzi zake, na dhoruba za masika hummaliziwa kazi.

Juu ya vyote uko mti. Kila lita ya maji igeukayo mvuke majanini huondoa nishati ya kilojuli 2,400 hivi, ambayo ingetosha kupasha lita 7 za maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Kwa hiyo jani halipati moto kama bati. Wenyeji wa Ujiji walilijua hilo kwa uzoefu: mkutano wa Livingstone na Stanley wa mwaka 1871 hukumbukwa kuwa ulifanyika chini ya mwembe. Mwembe hauangushi majani yote kwa msimu mmoja, na shina lake likipogolewa matawi ya chini huruhusu upepo. Huchukua miaka, ni kweli; kibanda cha nyasi kinaweza kushika zamu mpaka ukue.

Kabla ya kuchimba shimo lolote, isimamishwe fito ya mita 2.5 pale inapokusudiwa nguzo, na kigingi kipigwe kwenye ncha ya kivuli chake saa kumi na saa kumi na moja. Zoezi hilo lirudiwe Juni, jua linapoegemea kaskazini, na Desemba linapoegemea kusini. Viti vitawekwa penye vigingi, na mche wa mwembe utapandwa magharibi yake.