Mkalimani wa Maswali ya Hifadhidata

Katika kata ya Nangara, mjini Babati, ambako mahindi na mbaazi ni riziki ya watu wengi, karani aweza kuandika habari za wakulima katika jedwali, kila mkulima na mstari wake, na jina, kata na idadi ya magunia kila kimoja na safu yake. Na maadamu wakulima ni kumi, jicho latosha kuzisoma habari zote, lakini wakifika elfu, haja ya kuuliza na kujibiwa upesi huwa dhahiri.

Nadharia ya kuhifadhi habari katika majedwali ya namna hii ilielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyo hiyo, wakaitangaza lugha ya maswali ambayo leo huitwa SQL. Hekima yake ni kwamba muulizaji hutaja anachokitaka tu, wala halazimiki kueleza njia ya kukitafuta. Njia ni juu ya programu, ambayo ndiyo mkalimani baina ya mtu na jedwali.

Kijana mwenye bidii aweza kumwandika mkalimani huyo, tena kwa maneno ya Kiswahili. Tuseme swali ni hili: CHAGUA jina KUTOKA wakulima AMBAPO kata = 'Nangara' NA magunia > 20. Kwanza programu huikata sentensi iwe maneno, alama na tarakimu mbalimbali. Kisha huyapanga kwa sarufi, ijue lipi ni jedwali, ipi ni safu na lipi ni sharti. Mwisho huupitia kila mstari, ikiubakiza uliotimiza sharti, na kutoa jina peke yake.

Kazi hii yaonekana nyepesi, lakini taabu yake imo katika maana. Mtu akiuliza wakulima wa Nangara AU wa Bagara NA wenye magunia zaidi ya 20, SQL huifunga NA kabla ya AU, hata wa Nangara wakatoka wote, wenye gunia moja pia, ilhali huenda muulizaji alikusudia sharti la magunia liwahusu wa kata zote mbili. Ndiyo sababu mabano ni ya lazima. Kadhalika mkulima ambaye magunia yake hayakuandikwa hana sifuri, bali idadi yake haijulikani, na mwenye kumhesabu kwa sifuri huupotosha wastani wa kata nzima.

Kwa hiyo fadhila kubwa ya mkalimani, kuliko hata wepesi, ni uaminifu: akikuta safu asiyoijua, au sentensi iliyokatika, sharti asimame na kutaja kosa lilipo, wala asibahatishe. Uzito wa jambo hili waonekana katika sensa: ile ya mwaka 2022, ambayo makarani wake walitumia vishikwambi, iliwahesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na kutokana na hesabu za namna hiyo hupangwa shule, zahanati na visima. Jibu la kosa lenye sura ya kweli laweza kuwanyima watu haki yao pasipo yeyote kutambua, ilhali programu inayokiri kwamba haikufahamu humpa muulizaji nafasi ya kulisahihisha swali lake.