Shaba ya Kengele katika Bara Hindi na Jinsi Ifuliwavyo

Neno shaba katika Kiswahili limebebeshwa mzigo mkubwa. Huitwa shaba ile nyekundu iliyo peke yake. Huitwa shaba pia ile ya manjano iliyochanganywa na zinki. Na mara nyingi huitwa shaba hata ile iliyochanganywa na bati. Mwenye kutaka kupambanua huongeza sifa ya rangi, na kwa shughuli za kila siku hilo latosha. Katika Bara Hindi halitoshi hata kidogo. Kihindi huita ya kwanza tamba, ya pili pital, na ya tatu kansa, neno ambalo asili yake ni kamsya la Kisanskriti. Na hao wafuao kansa wamepewa jina lao wenyewe, wakaitwa Kansara huko Gujarat na Kansari huko Odisha. Makala haya yahusu hiyo ya tatu, ambayo hapa itaitwa shaba ya kengele, kwa kuwa ndiyo ipigayo sauti ndefu kuliko zote.

Mchanganyiko wake, kwa kadiri ya desturi, ni sehemu 78 za shaba nyekundu na sehemu 22 za bati katika kila 100. Hapana budi kukumbusha kwamba bati linalosemwa hapa ni ile madini laini nyeupe, wala si bati la kuezekea nyumba, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Na msomaji atakayefika Assam ajihadhari zaidi, maana huko bati ni bakuli: mtu aweza kuambiwa kwamba bati limefuliwa kwa shaba na bati, na pasiwe na kosa lolote katika maneno hayo.

Mahali panaposifiwa sana kwa kazi hii katika Assam ni Sarthebari, mji mdogo ulio upande wa magharibi wa Guwahati. Humo hufanyizwa kahi, yaani sahani. Bati, yaani bakuli. Banbati, bakuli lenye mguu. Sorai, sinia lenye kikalio kirefu ambalo juu yake mgeni huandaliwa tambuu na popoo. Na matuazi ya namna nyingi yapigwayo katika nyumba za ibada. Madini nyingi haitoki machimboni. Bara Hindi ina bati kidogo tu katika ardhi yake, kama lile la Bastar, na sehemu kubwa hununuliwa ng'ambo kwa bei kubwa; kwa hiyo vyombo vilivyovunjika hukusanywa, hupimwa kwa uzito, na kurudishwa motoni. Sahani ya bibi yaweza kuwa bakuli la mjukuu.

Vipande hivyo hutiwa katika chungu cha udongo na kuyeyushwa juu ya makaa yanayopulizwa kwa mivukuto. Uji wa madini humiminwa katika kalibu ndogo za duara, ukipoa hutoka kibonge kinene mfano wa andazi lililobonyezwa. Kibonge hiki ndicho mwanzo wa chombo. Hurudishwa motoni mpaka kiwe chekundu, kisha fundi mkuu hukishika kwa koleo juu ya fuawe, na wasaidizi wake, wenye nyundo nzito, hupiga kwa zamu bila kugongana, kila mmoja akiingia mahali pa mwenzake alipotoka. Fundi mkuu yeye hupiga kidogo. Kazi yake ni kukizungusha kibonge, ili kila nyundo ikute mahali panapostahili kupigwa. Wekundu ukififia, kazi husimama mara moja, na kibonge hurudi motoni. Mwendo huu wa moto na nyundo hurudiwa mara nyingi mpaka madini itandae na kuwa nyembamba, ikunjwe kingo zake, na umbo lionekane.

Kusimama huko si mapumziko ya wapigaji. Shaba yenye bati jingi namna hii ina tabia ambayo chuma hakina. Ikiwa baridi hufanana na kigae: pigo moja la nyundo huipasua. Ikipashwa moto kupita nyuzi 586 hivi za Selsiasi, chembe zake hujipanga upya kwa mpango ambao wataalamu wa madini huuita beta, na hapo huwa laini, ikakubali kufuliwa. Ikikaribia nyuzi 798 huanza kuyeyuka. Fundi hana kipimo cha joto. Kipimo chake ni rangi, na ndiyo sababu karakana nyingi huwa na giza, maana wekundu wa madini hauonekani sawasawa katika mwanga wa jua.

Jambo la ajabu zaidi huja mwisho. Chombo kikiisha kupata umbo, hupashwa moto mara ya mwisho na kuzamishwa majini kingali chekundu. Mswahili aliyezoea kazi ya mhunzi atasema kwamba kimetiwa matiko, na kwa macho ndivyo ilivyo. Lakini matokeo ni kinyume. Matiko hukifanya chuma cha pua kiwe kigumu na chepesi kuvunjika, hali shaba ya kengele huiondolea wepesi wa kuvunjika. Kama ingeachwa ipoe polepole, ule mpango wa beta ungevunjika, ukaacha ndani yake sehemu ngumu iitwayo delta, na delta ndiyo ipasukayo. Maji huigandisha beta kabla haijapata nafasi ya kugeuka. Hivyo tendo ni moja, na jina lake latosha kwa yote mawili, bali maana yake kwa fundi wa chuma na kwa fundi wa kansa hupishana kabisa.

Baada ya maji chombo huwa cheusi kwa masizi na magamba ya moto. Huparuzwa kwa chuma chenye makali, hukerezwa kwa kuzungushwa, na chini ya weusi hutokea rangi ya dhahabu iliyofifia. Mara nyingi upande wa nje huachwa na weusi wake, wa ndani tu ukang'arishwa. Nakshi, kama ipo, huchorwa kwa patasi ndogo.

Si kila chombo hufuliwa. Kengele yenyewe haiguswi na nyundo, humiminwa. Katika Kerala, hasa huko Mannar, sanamu ya kengele au taa hutengenezwa kwanza kwa nta, hufunikwa kwa udongo, kisha nta huyeyushwa itoke na madini humiminwa mahali pake. Kalibu huvunjwa, kwa hiyo hutoa chombo kimoja tu. Delta iliyomo haidhuru, maana kengele haitandazwi, na ugumu huohuo ndio uifanyao sauti idumu.

Tena wapo wanaoitafuta delta kwa makusudi. Katika kijiji cha Aranmula, huko huko Kerala, jamaa chache hutengeneza kioo cha kujitazamia kisichokuwa na kipande cha kioo. Ni bamba la shaba lililoongezwa bati hata likakaribia theluthi moja ya uzito wote. Uchunguzi wa Sharada Srinivasan umeonyesha kwamba bamba hilo karibu lote ni delta: jeupe, gumu, likisuguliwa kwa siku nyingi huakisi uso kwa uso wake wa juu, wala si kwa rangi iliyopakwa nyuma. Likianguka huvunjika kama kioo kingine chochote.

Kwa mafundi wa Sarthebari taabu ya sasa haitoki kwa bei ya bati peke yake. Wengi hawana madini yao wenyewe. Mfanya biashara huwapa vipande kwa uzito, hupokea vyombo kwa uzito, na ujira hulipwa kwa kilo; basi anayefua sahani nyembamba yenye sauti nzuri hufanya kazi nyingi kwa ujira mdogo kuliko afuaye nene. Hapo ndipo ustadi wenyewe unapoadhibiwa. Tena jikoni vyombo vya chuma kisichoshika kutu vimechukua mahali pa kansa, na sokoni shaba ya manjano, ambayo hukubali kukandamizwa kwa mashine ikiwa baridi, huuzwa kwa jina la kansa. Mwaka 2024 kazi ya Sarthebari iliandikishwa kisheria kwa jina la mahali pake, ili mtu wa mahali pengine asilitumie jina hilo. Cheti hicho hulinda jina. Hakibadili hesabu ya kilo.

Mnunuzi naye ana kipimo chake cha zamani. Hukiweka chombo juu ya ncha za vidole, hukigonga ukingoni kwa ukucha, akasikiliza. Shaba ya manjano hutoa mlio mfupi, ukakatika. Kansa huendelea kulia, na mwenye duka hungoja ikome ndipo ataje bei.